Kitabu cha Pili: Kijana wa Ozi na Suala la Kujijua

Mwalimu wa Kiingereza aliyekabidhiwa darasa la vijana wa Tana ya chini, na ambaye kitabu alichopewa akisomeshe chahusu mtu anayeitafuta nafsi yake mpaka akajijua ni nani, hukabiliwa mapema na swali ambalo mtaala haumjibii: ni kitabu gani kingine awape wanafunzi wake wakisome sambamba na kile cha mtihani, ili habari ile isibaki kuwa jambo la watu wa mbali, lililoandikwa kwa ajili ya kutungiwa maswali? Laonekana dogo, swali la mwalimu na rafu yake ya vitabu. Walakini mimi naliona kuwa ni suala la umma, kwa sababu jawabu lake ndilo litakaloamua kama kijana ataondoka shuleni akiamini kwamba nafsi yake yaweza kujadiliwa kwa Kiingereza, au kwamba Kiingereza ni lugha ya kujadilia nafsi za watu wengine.

Nautwaa mfano wa Ozi, kijiji kilicho karibu na mahali mto Tana unapoingia baharini, ambako mto wenyewe huitwa pia kwa jina hilo la Ozi. Hapo bahari ijaapo huyasukuma maji matamu ya mto yakarudi nyuma na kupanda mashambani, na wakulima tangu jadi wamelima mpunga kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji hayo. Na hapo hapo, katika miaka yetu hii, chumvi nayo imepanda pamoja na maji ikayaharibu mashamba, hata wako waliokuwa na mpunga ambao leo wananunua mchele. Kijana aliyezaliwa huko husema Kipokomo nyumbani na Kiswahili gatini, husoma Kurani chuoni, na Kiingereza hukikuta darasani. Akenda Lamu ataitwa Mpokomo. Akipanda mto mpaka Hola, huenda akaitwa Mswahili kwa sababu ya lafudhi yake. Na tusisahau kwamba mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika vijiji vya delta hii, Wapokomo na Waorma, na kwamba waliokuwa wakibebwa mgongoni siku zile ndio wanaokalia madawati ya sekondari leo. Suala la kuwa wewe ni nani, kwa watoto hawa, liliwahi kuulizwa na watu wenye silaha mkononi kabla ya kuulizwa na mtahini.

Desturi iliyozoeleka ya kuchagua kitabu mwenza ni kutafuta kinachofanana na kile cha kwanza. Kitabu cha mtihani kikisimulia msichana anayekataa kuozwa, mwalimu hutafuta kingine cha msichana anayekataa kuozwa, akapanga safu mbili ubaoni, moja ya kitabu hiki na moja ya kile, wanafunzi wakajaza mifanano, na kipindi kikaisha. Mimi siikubali desturi hii. Vitabu viwili vinavyokubaliana havimpi msomaji kazi ya kufanya; humthibitishia tu aliyokwisha ambiwa. Kitabu mwenza, kwa maoni yangu, hakina budi kumhoji mwenziwe, na kwa kijana wa mwambao vitabu vya kwao ndivyo vinavyoweza kuihoji kwa nguvu zaidi ile dhana ya kujijua ambayo vitabu vya mtihani vimeizoeza akili yake.

Nieleze muradi wangu kwa mifano. Katika miaka ya karibuni watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, walisoma kwa pamoja Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet na tamthilia ya Ibsen, A Doll's House, ya mwaka 1879. Katika kile cha kwanza Ole Kaelo anaihamisha jamaa yake kutoka Nakuru hadi Nasila, na huko binti zake, Taiyo na Resian, wanakuta kwamba mila ya tohara na tamaa ya mali zimeungana dhidi yao, na kwamba baba yao mwenyewe yu radhi kumtoa Resian kwa tajiri Oloisudori. Resian hukimbia, na katika kukimbia ndipo anapojipata. Katika cha pili Nora anafungua mlango wa nyumba ya mumewe akatoka. Ni vitabu vya haki, na mwenye binti yeyote akivisoma kwa moyo safi hatoki kama alivyoingia. Sina neno navyo. Lakini vikisomwa pamoja, bila ya cha tatu, hufundisha jambo moja tu kwa sauti mbili, nalo ni kwamba mtu hujijua kwa kuondoka, na kwamba nyumba, baba na mila ni kuta ambazo nafsi lazima izipasue.

Sasa tazama vitabu vya pwani yetu vinavyosimulia kujijua, jinsi vinavyoelekea upande mwingine kabisa. Katika Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na ambayo imefasiriwa kwa Kiingereza, Kongowea Mswahili anatoka Tanga, yatima wa mama mwimbaji wa taarabu, akasafiri mpaka Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Katika The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2019, Ayaana, mtoto wa kisiwa cha Pate asiye na baba, anamchagua baharia mzee, Muhidin, awe babaye, na ni kwa uteuzi huo, kabla ya safari yake ya China, ndipo maisha yake yanapopata mhimili. Katika The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, ya mwaka 2021, Aisha, binti wa Kihadhrami wa Mombasa, anaingia baharini katika chombo cha mifupa, paka akiwa mwenziwe, ili amrudishe baba yake mvuvi aliyepotea. Vitabu vitatu, waandishi watatu wasiofanana hata kidogo, na katika vyote mtoto anamtafuta baba, ilhali katika Blossoms anamkimbia. Na wala hivi havikubaliani vyenyewe kwa vyenyewe, kwani Aisha akisha kumpata baba hatulii, bali hugundua kwamba bahari imemwamsha, na kwamba nyanya yake anayemtakia ndoa hana tena la kumzuilia. Mwanafunzi akiviweka hivi mbele ya Resian ataulizwa swali lenye uzito: ni lini kumtafuta mzazi ni kujijua, na ni lini kumkimbia ndiko kujijua? Jawabu lake hulipati katika miongozo inayouzwa madukani.

Na bado sijafika kwenye kisa ambacho kwa Ozi ndicho cha karibu kuliko vyote, nacho ni cha Fumo Liyongo. Kaburi lake, kwa masimulizi ya wenyeji, huonyeshwa Kipini, mwendo mfupi wa mashua kutoka Ozi. Waswahili humdai kuwa wao, na Wapokomo wanazo habari zao wenyewe juu yake. Alikuwa shujaa na malenga, akafungwa kwa husuda ya mtawala, mama yake akampelekea mkate uliofichwa tupa ndani, naye akakata pingu huku ngoma na nyimbo za gungu zikifunika sauti ya chuma. Lakini kiini cha kisa, kwa darasa letu, ni kifo chake. Aliyetumwa kumwua ni mwanawe, na riwaya nyingine husema ni mpwawe. Akahadaiwa kwa ahadi za ukubwa, akamwendea aliyemwamini, akajua siri ya kinachoweza kumwua, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba alipokuwa usingizini. Liyongo akaamka, akatwaa uta wake, akapiga goti kisimani, mshale umevutwa, akafa vivyo hivyo. Na watu waliokuja kuteka maji wakamwona wakarudi na vyombo vitupu, siku kwa siku, hakuna aliyethubutu kukaribia, mpaka mama yake akaja kumbembeleza na ikajulikana kwamba amekwisha kufa. Kijana yule hakupata alichoahidiwa.

Huyu naye ni kijana aliyetaka kuwa mtu. Alikata kamba iliyomfunga na aliyemlea, kama wanavyoikata mashujaa wa vitabu vya mtihani, na akapotea. Sidai kwamba kisa hiki chamkanusha Resian, maana dhuluma aliyokuwa atendewe Resian ni dhahiri na Liyongo hakumdhulumu mtu aliyemwua. Nadai kwamba mwanafunzi aliyevisoma vyote viwili hataweza tena kuandika, kwa wepesi wa kukariri, kwamba kujijua ni kuasi. Itambidi apime: kumwasi nani, kwa sababu gani, na kwa faida ya nani.

Ziko hoja dhidi yangu, na si dhaifu. Wako wasemao kwamba mtihani hautauliza habari za Liyongo, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wasiojua kupanga sentensi ya Kiingereza hana wasaa wa hadithi za Kipini. Naukiri ufinyu wa wakati. Ila mtoto hujifunza kupanga sentensi upesi zaidi pale anapokuwa na jambo la kusema, na juu ya Liyongo ana mengi ya kusema kuliko juu ya Nora. Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwamba kumrudisha mtoto kila mara kijijini kwake ni kumfungia humo. Mwezi wa Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka idara ya Kiingereza pale Nairobi iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, walisema wazi kwamba fasihi za dunia zitasomwa kwa kuhusishwa na hiyo ya katikati. Hilo ndilo nitakalo: Ibsen abaki, ole Kulet abaki, na kijana awaendee akitokea mahali fulani panapojulikana.

Kuhusu Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utenzi ambao mshairi anausemeza moyo wake huku akiyatazama magofu ya Pate, nasitasita. Hakuna maandishi ya pwani yaliyoitazama nafsi kwa undani zaidi, na tafsiri ya Kiingereza ya Hichens ipo tangu 1939. Lakini ni maneno ya ibada, na katika darasa lenye Waislamu na Wakristo sipendi ibada ya mtu iwe zoezi la kutafuta tashbihi. Ausomeshe aliye tayari kuuheshimu.

Iko pia matini isiyokuwa kitabu. Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maofisa wa ukoloni, nayo imo katika British Museum, London, tangu mwaka 1908. Mtaala wa Kiingereza hudai wanafunzi wajue kuandika barua rasmi. Waandike basi kwa jumba hilo, waulize ngoma imehifadhiwaje na inaweza kuonwa na nani, wajitambulishe kwa jina la kijiji na la mto. Katika aya ile ya kwanza ya kujitambulisha, watalazimika kuamua wao ni nani.

Sasa kwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, wakati wa kuyapanga haya ni huu. Najua kwamba riwaya zilizochapishwa ng'ambo ni ghali, na kwamba shule ambayo vitabu vyake vimewahi kulowa kwa mafuriko haiwezi kuagiza nakala arobaini za The House of Rust. Inatosha mwalimu awe na moja, asome kwa sauti. Lakini kisa cha Liyongo kimo katika Swahili Tales ya Edward Steere, iliyochapishwa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, na haki yake ya kunakili ilikwisha zamani. Mashine ya kutoa nakala ya ofisi yoyote ya elimu pale Garsen yaweza kuzitoa kurasa zake, kwa darasa zima, kwa asubuhi moja.