Kutazama Bahari Nako ni Kuitumia

Wapo wanaoamini kwamba utalii wa kutazama viumbe wa pwani hauna madhara. Mnyama hapigwi risasi, mti haukatwi, samaki havuliwi. Mgeni hufika Mafia Ijumaa, huendesha kayaki pembezoni mwa mikoko ya Ghuba ya Chole, hutembea kwa miguu kuwatazama popo wakubwa wa kisiwa cha Chole, na Jumapili hupanda boti Kilindoni ili aogelee na papa potwe. Jumatatu amekwisha kurejea kazini, hakuondoka na chochote isipokuwa picha. Lipo la kulalamikia hapo?

Lipo. Kutazama nako ni namna ya kutumia, na kila matumizi ya rasilimali ya umma huibua maswali matatu ya kisiasa: nani anaruhusiwa, nani ananufaika, na nani anabeba gharama. Kayaki, miguu na boti hutoa majibu tofauti kwa maswali hayo.

Tuanze na kayaki. Kwa umbo na kwa kazi, kayaki ni mtumbwi: hupita kwenye maji haba, haina injini, haichomi mafuta. Hata hivyo, aliyemo ndani ya kayaki huitwa mgeni, ilhali aliyemo ndani ya mtumbwi hutazamwa kwanza kama mtuhumiwa. Sisemi kwamba wavuvi hawana makosa. Baruti na makokoro vimebomoa matumbawe ya pwani yetu kwa miongo mingi, na serikali ilikuwa na sababu ya msingi ilipotunga sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Lakini hifadhi hiyo, yenye kilomita za mraba 822, ina vijiji ndani yake, na iligawanywa katika kanda ili watu waendelee kuishi na kuvua kwa utaratibu. Kwa mujibu wa mpango huo wenyewe, mwanakijiji ni mwenyeji. Anayemfanya mvamizi ameisaliti sheria anayodai kuisimamia.

Njia ya miguu inatupa funzo la matumaini. Katika kisiwa cha Juani, kasa hupanda ufukweni kutaga. Zamani mayai yale yalikuwa kitoweo na nyama ilikuwa biashara. Shirika la Sea Sense lilijenga utaratibu ambao wanavijiji wenyewe hulinda viota na hupewa motisha, na wageni wanaotembea hadi ufukweni kushuhudia vifaranga wakielekea majini huchangia fedha ambazo sehemu yake hubaki kijijini. Hapa gharama na faida zimekutana mahali pamoja. Mtu aliyeacha kula yai anaona kwa macho yake alichopata badala yake. Mahubiri ya uhifadhi yasingefanya kazi hiyo.

Boti ndiyo yenye tatizo kubwa zaidi. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi kufuata vijidudu na uduvi, na wavuvi hufuata humo humo dagaa zao. Watafiti waliowafunga vifaa vya kufuatilia nyendo walibaini kwamba wengi wao hubaki karibu na Mafia mwaka mzima, hata msimu ambao hawaonekani juu ya maji. Maana ya ugunduzi huo ni nzito. Ikiwa samaki ni mpita njia, usumbufu wa boti humpata siku chache tu. Ikiwa ni mkazi, samaki yule yule huzingirwa msimu baada ya msimu, na kila safari huongezeka juu ya iliyotangulia. Zaidi ya hayo, eneo wanalokusanyika liko kwa sehemu kubwa nje ya mipaka ya hifadhi. Kivutio kikuu cha Mafia kimekaa pale ambapo ulinzi wa hifadhi haufiki.

Ng'ambo ya bahari, Kizimkazi imetangulia kutuonyesha tunakoelekea. Pomboo waliokuwa wakiwindwa kuwa chambo cha papa waligeuka chanzo cha mapato utalii ulipoanza miaka ya 1990. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, na wanakijiji wanastahili sifa. Lakini uchunguzi wa wanasayansi ulionyesha kwamba boti zinazowafukuza na waogeleaji wanaowarukia huwapunguzia muda wa kupumzika na kula. Nahodha mmoja mmoja hawezi kulaumiwa. Akikaa mbali wakati mwenzake anasogea, abiria wake watanung'unika na kesho watapanda boti nyingine. Ushindani wa namna hiyo hautibiwi kwa nasaha. Unahitaji kanuni inayowabana wote kwa pamoja, yenye adhabu na msimamizi aliyepo majini.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, idadi ya boti na umbali wa kumkaribia papa potwe au pomboo viwekwe katika kanuni zenye nguvu ya sheria, ndani na nje ya mipaka ya hifadhi. Pili, mapato yatokanayo na wageni yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji husika, kwa Kiswahili: kilichokusanywa, kilichobaki kijijini, na kilichotumika. Tatu, mvuvi anayemfungua papa potwe aliyenaswa wavuni mwake atambuliwe na afidiwe wavu uliochanika, kwa kuwa bila yeye boti za wageni zisingekuwa na cha kuonyesha.

Watumishi wa umma watasema bajeti ni finyu. Kubandika hesabu ubaoni kunahitaji karatasi na uaminifu. Wanafunzi na wanaharakati, kwa upande wao, wasingoje tume. Waende kwenye mikutano ya vijiji, waombe hesabu hizo zisomwe, na waulize swali ambalo viongozi wengi hawalipendi: fedha ya mgeni aliyekuja kutazama bahari ya watu hawa imefika wapi?