Noeli Haingoji Mchumba



Kila mwaka Majilio yanapokaribia, huko Marekani hutoka riwaya nyingi za mapenzi za Kikristo zinazosimulia habari za Noeli. Kampuni ya Harlequin ilianzisha mfululizo wake wa Love Inspired mwaka 1997 kwa ajili ya wasomaji wa namna hiyo, na televisheni ya Hallmark ina msimu maalumu wa filamu za Noeli tangu mwaka 2009. Siku hizi hadithi hizo zinatufikia kwa urahisi, kwani vijana wa parokia zetu huzisoma na kuzitazama kwenye simu. Ndiyo maana tunaona inafaa tuzizungumzie, bila kuzidharau na bila kuziogopa.

Tuanze na mazuri yake. Kwa kawaida riwaya hizi ni safi. Wapendanao huheshimiana, hujitunza mpaka ndoa, na sala ina nafasi katika maisha yao. Zaidi ya hayo, hufundisha kusamehe. Katika Mrs. Miracle, kitabu cha Debbie Macomber cha mwaka 1996, Seth ni mgane mwenye watoto pacha, na Reba anampenda. Lakini Reba ana kinyongo na ndugu yake wa kike aliyemsaliti kwa mchumba wake wa zamani, na mpaka akabiliane na kinyongo hicho, moyo wake hauna nafasi ya upendo mpya. Hilo ni fundisho la Majilio kabisa: hatuendi kwenye hori la Bethlehemu tukiwa tumefunga ngumi.

Shida yetu iko kwenye mwisho wa nyingi kati ya hadithi hizi. Mhusika mkuu mara nyingi ni mwanamke anayejiona hafai. Ameachwa, au amefiwa, au anaona umri unakwenda. Katikati ya kitabu anaambiwa kwamba Mungu anampenda jinsi alivyo. Kisha, mkesha wa Noeli, pete inatolewa, machozi yanakauka na kitabu kinafungwa. Kwa mdomo hadithi imesema thamani ya mtu hutoka kwa Mungu. Kwa matendo imeonyesha kwamba hutoka kwa mchumba. Na msomaji hukumbuka matendo.

Kuna atakayesema: riwaya ya mapenzi isipoishia kwenye ndoa, ni riwaya gani? Hatuna ugomvi na ndoa, maana ni sakramenti takatifu. Tunachouliza ni kipi kilitangulia. Je, mwanamke huyu aliijua thamani yake kabla ya pete, au pete ndiyo iliyompa? Francine Rivers, katika riwaya yake Redeeming Love iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991, aliliona jambo hili. Ingawa si hadithi ya Noeli, inatusaidia. Angel, aliyeingizwa katika ukahaba tangu utotoni, anapendwa na mume mwema, hata hivyo anamwacha. Ni huko mbali na mume wake anakomjua Mungu, na ndipo anarudi kwake akiwa mtu huru.

Jambo hili linatugusa hata sisi huku. Mwezi Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa watu wanaorudi nyumbani kwa ajili ya Noeli. Binti aliyevuka miaka thelathini anajua swali linalomngoja: "Mwenzetu, umekuja peke yako tena?" Wapo wanaokubali kuchumbiwa na mtu asiyewaheshimu ili tu wasiulizwe swali hilo. Akitukanwa, anavumilia. Akipigwa, anaficha. Ameshaamini kwamba bila mwanamume huyo yeye si kitu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, anafafanua utenzi wa upendo wa Mtakatifu Paulo, na anatukumbusha kwamba upendo wa Mungu hutangulia juhudi zetu zote. Ukitangulia juhudi zetu, umetangulia na uchumba.

Liturujia yenyewe inatufundisha hivyo. Tarehe 30 Desemba, kwa kawaida, Injili ya Luka inatuletea nabii Ana. Aliishi na mume wake miaka saba tu, kisha akawa mjane, na sasa ana miaka 84. Hakuna mchumba anayemtokea hekaluni. Hata hivyo yeye ndiye anayewaeleza habari za Mtoto wote waliokuwa wakiungojea ukombozi. Mama Kanisa anamweka mjane huyo katikati ya Oktava ya Noeli, naye hapungukiwi kitu.

Sisi waseminari nasi tusidhani somo hili ni la wasichana peke yao. Frateri anayejipima kwa tarehe ya daraja yake yuko kwenye hatari ileile. Siku akishauriwa kurudi nyumbani, ataona maisha yamekwisha. Kanzu ni alama ya wito, lakini hadhi ya mwana wa Mungu tuliipokea kwenye Ubatizo, na hakuna barua inayoweza kuifuta.

Basi someni riwaya hizi, na viongozi wa VIWAWA wazijadili na vijana wao. Wazazi nao, Noeli hii, mpokeeni binti anayeshuka kwenye basi peke yake kama mlivyompokea aliyekuja na mume na watoto. Na wenye kipaji cha kuandika, tuandikieni kwa Kiswahili hadithi yake: amefika nyumbani, ameimba na kwaya katika Misa ya mkesha, amekula na ndugu zake, na amelala akiwa na amani. Tutaisoma kwa furaha.