LIKIZO YA MFANYAKAZI NA MILIMA YETU

Kila mwaka mfanyakazi wa nchi hii anayo haki ya kupumzika siku 28 mfululizo, naye akilipwa mshahara wake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1936, Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza juu ya likizo yenye malipo, kiwango lilichothubutu kumdaia mfanyakazi kilikuwa siku sita tu za kazi kwa mwaka. Mwaka huo huo wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata majuma mawili. Serikali yao ikawawekea tikiti za gari moshi za bei nafuu, ili fundi wa kiwandani naye, pamoja na mkewe na watoto, akaione bahari ambayo hapo kwanza ilikuwa starehe ya matajiri.

Sisi tunazo siku 28. Tunazifanyia nini?

Wapo wanaokubali kulipwa fedha na kuendelea na kazi mwaka baada ya mwaka, mpaka mwili unapodai likizo yake wenyewe kitandani hospitalini. Wapo wanaozimaliza kwenye viwanja vyao, wakichota maji ya kukorogea saruji. Na wapo wengi sana wanaokwenda kwao, wakaingia katika msiba, wakatoka katika msiba wakaingia katika kikao cha ukoo, na siku ya kurudi kazini ikawakuta wamechoka kuliko walivyoondoka. Hatuwacheki ndugu hawa, kwani na sisi tu miongoni mwao. Nyumba yapasa ijengwe na wafu yapasa wazikwe. Walakini mtu aliyefanya kazi miezi kumi na moja anastahili walau siku nne au tano ambazo hakuna mtu anayemwita. Mwenyezi Mungu mwenyewe alipomaliza kuumba alipumzika, wala hatusomi kwamba aliiuza siku ya saba.

Neno tunalotaka kulisema leo ni kwamba mahali pa kupumzikia si mbali, wala hapakuumbwa kwa ajili ya wageni peke yao. Milima na maziwa yetu yako karibu na mfanyakazi kuliko anavyodhani.

Tuanze na mfanyakazi wa Dar es Salaam. Maji anayokunywa kila siku, kwa sehemu kubwa, ni ya mto Ruvu, na Ruvu chanzo chake ni milima ya Uluguru. Hivyo mtu huyu ameinywa milima hiyo maisha yake yote, pengine asiikanyage hata mara moja. Tangu Juni 2024 gari moshi la reli mpya (ambalo kwa kweli halina moshi) humfikisha Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili. Akishuka huko, milima i mbele ya macho yake. Asubuhi moja ya kupanda kwa miguu, akipita mashamba ya Waluguru, yatosha kumfikisha Morningside, penye nyumba ya kale ya Wajerumani, na kutoka hapo atauona mji wote chini yake. Basi Jumamosi na Jumapili tu zinatosha.

Mwenye siku zaidi na apande Usambara. Mtu hushuka Mombo, katika joto la tambarare, akaingia katika gari dogo, na kwa kilomita kama 33 barabara yajizungusha kama nyoka, ikipita Soni penye maporomoko, hata Lushoto. Wasambaa tangu zamani wana majina mawili, moja la nchi yao ya juu na jingine la nyika iliyo chini, nao waliziona kama dunia mbili. Msafiri hana haja ya kuelezwa sababu. Kwa muda usiozidi saa mbili jasho limekauka, na jioni anatafuta blanketi. Sokoni kuna pichesi, plamu na mboga za kila namna. Akitembea hadi Irente, atasimama ukingoni mwa jabali ambako ardhi imekatika ghafla, na chini yake nyika imetandazwa mpaka macho yanapokoma.

Wakubwa wa ukoloni waliujua utamu huo mapema. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakapanda huko kukimbia joto na homa za pwani. Waingereza walipokuja, gavana wao naye akawa na nyumba yake ya mapumziko Lushoto. Katika miaka hiyo ya 1950, wakati bwana mkubwa alipokuwa akipunga upepo, wakulima wa milima hiyo hiyo walikuwa wakishurutishwa kuchimba matuta kwa amri, na waliokataa walishtakiwa. Huko Uluguru mambo yalifika mahali pa damu mwaka 1955. Mlima mmoja ulikuwa kwa huyu mapumziko na kwa yule adhabu. Ndiyo sababu hatuoni kuwa ni jambo dogo mjukuu wa mchimba matuta kwenda Lushoto leo, akaketi barazani akanywa chai, bila kutumwa na mtu.

Kusini tunayo Rungwe. Tukuyu ni mji wa mvua, migomba na mashamba ya chai, na mlima wake wakaribia mita 3,000. Upo karibu Daraja la Mungu, mahali ambapo mto Kiwira unapita chini ya upinde wa mwamba uliofanywa na lava ya volkano ilipopoa. Lipo ziwa Ngozi, lililojificha ndani ya kreta. Mtu hupanda katika msitu mzito, na akifika ukingoni ndipo alionapo ghafla, likiwa kimya huko chini. Lipo na ziwa Masoko, ambalo wazee husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia vita walitupa humo mali zao. Na kutoka baridi ya Tukuyu mtu aweza kushuka zaidi ya mita elfu moja kwa siku ile ile hadi Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambapo milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja. Hapo pana mchanga, mitumbwi, samaki wa aina ambazo hazipatikani kwingine duniani, na vyungu vya akina mama wa Kikisi ambavyo wafanyabiashara huvipeleka mbali. Tunawafahamu watu waliozaliwa Rungwe, wenye mvi sasa, ambao hawajaliona Ngozi. Wakienda kwao hupita chini yake katika basi, wakiwahi msiba.

Tutaulizwa: fedha i wapi? Swali hili ni la haki, na hatutalijibu kwa maneno matamu. Miaka michache iliyopita mwandishi wa tahariri hii alifika na familia yake katika nyumba moja ya wageni milimani. Kijana wa mapokezi, baada ya kututazama viatu, alitutajia bei kwa dola. Tulipoomba bei ya shilingi alifungua simu yake akaanza kuzidisha. Tulilala kwingine, katika nyumba ya kanisa, kwa kitanda safi na uji wa asubuhi, na watoto hawakujua kwamba palikuwa na tofauti yoyote. Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Kanuni hiyo ni njema, walakini kubadili jina la sarafu si kupunguza bei. Katika hifadhi za taifa mwananchi hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni. Wenye nyumba za kulala nao waige mfano huo, hasa katika miezi ile ambayo vyumba vyao vimekaa vitupu.

Vyama vya wafanyakazi navyo tunavidai. Makato ya kila mwezi hukusanywa kwa uaminifu mkubwa. Mwanachama huyaona katika hati ya mshahara, na Mei Mosi huona fulana. Je, ni jambo lisilowezekana vyama vitatu au vinne kushirikiana kukodi nyumba moja Lushoto na nyingine Tukuyu, za kawaida tu, zenye vitanda, jiko na maji ya moto, mwanachama akapokezana na mwenzake juma kwa juma? Mabasi ya kukodi tunayajua sana tunapokwenda kuzika. Basi lile lile laweza kupeleka familia kumi na tano mlimani, na nauli ikigawanywa haitamshinda mhudumu wa ofisi. Waajiri nao wakitoa likizo kwa ratiba iliyotangazwa mapema, mtu ataweza kuweka akiba kidogo kidogo, badala ya kuambiwa Ijumaa kwamba likizo yake inaanza Jumatatu.

Halmashauri za wilaya zisikae zikingoja watalii washuke kutoka angani. Njia ya Ngozi yataka kibao na choo kabla ya kutaka wimbo wa kuisifia, na vijana wanaoongoza wageni wapewe vitambulisho na bei moja inayojulikana, ili msafiri asijadiliane na watu sita kwa mpigo.

Masika tusiyashauri, kwa kuwa njia za milimani huwa utelezi. Juni shule zikifungwa ndio wakati mzuri kwa wenye watoto, na matawi yanayokusudia safari yaanze kuandikisha majina miezi mitatu kabla. Watakaokwenda Lushoto mwezi huo wachukue makoti.