Mwache Mtoto Aguse

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia wengi wetu hujiuliza watoto watafanya nini zaidi ya kukata majani ya ng'ombe na kukaa mbele ya televisheni. Mwezi huu tunapenda kuwasimulia safari ambayo kikundi chetu cha akina mama hapa Himo kilichangia kidogo kidogo kwa mwaka mzima, kuwapeleka watoto Tanga kwenye STEM Park.

Mahali hapo palifunguliwa mwaka 2021 na shirika la Projekt Inspire kwa kushirikiana na Halmashauri ya Jiji la Tanga. Si makumbusho kama tulivyoyazoea. Arusha, ambako kwetu ni karibu zaidi, kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900. Ni pazuri, lakini vingi ni vya kutazama. Tanga mtoto anakaribishwa kushika na kujaribu mwenyewe. Wazo hilo lilienea sana baada ya mwaka 1969, mwanafizikia Frank Oppenheimer alipofungua Exploratorium mjini San Francisco, Marekani.

Basi, tulipoingia, shida haikutoka kwa watoto. "Usiguse!" "Utavunja!" "Mnatuaibisha nyie!" Sauti zilikuwa za wenzetu, akina mama. Tunawaelewa. Mtoto mwenye adabu haparamii vitu vya watu, na kitu kikivunjika nyumbani hakuna fedha ya kununua kingine. Lakini pale kuguswa ndiyo kazi ya vile vifaa, na mtoto aliyekatazwa mara tatu huweka mikono nyuma akangoja kuondoka. Ilibidi tukubaliane wenyewe kwa wenyewe: kazi yetu ni kuhesabu watoto na kugawa chakula. Mengine tuwaachie wao na waelekezaji.

Kulikuwa na jambo jingine. Wavulana walijazana mbele, na wasichana wakasimama nyuma na mikoba ya mama zao. Binti mmoja wa miaka kumi alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni tangu getini. Tulimpokea yule mtoto, tukamwambia aende. Hatukumwona tena mpaka saa ya kula. Mama, ukipanga safari kama hii, panga kabisa nani atabeba watoto wachanga, la sivyo nauli ya binti yako umelipia kulea.

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Mombo, inapochepuka barabara ya kupanda Lushoto, tuliwasimulia watoto habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, huko huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari, wanangoja yapoe, kisha wanayaweka kwenye friji kutengeneza aiskrimu. Siku moja Mpemba, akihofia kukosa nafasi, aliweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake aliyeweka maziwa ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hata leo wataalamu wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, na jina linalotumika duniani ni la Mpemba. Watoto walitaka kujua zaidi habari za wale waliomcheka.

Nauli ya Tanga si ndogo, na kila nyumba ina ada zake, kwa hiyo hatumwambii mtu akope. Kwa watakaokwenda, sisi wauguzi tunashauri chakula chepesi asubuhi kwa wanaotapika garini, maji ya kutosha kwa sababu joto la pwani si la kwetu, na chandarua kama mtalala.

Kwa watakaobaki, kujaribu kunawezekana hapa hapa. Mfundishe mtoto kutafuta mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba. Ahesabu kwa sekunde 15, azidishe kwa 4. Kisha akimbie hadi barabarani na kurudi, ahesabu tena. Mtu mzima aliyetulia hupata kama 60 hadi 100 kwa dakika, na watoto huwa juu kidogo. Ahesabu ya bibi pia, bibi atafurahi.

Tena mwulize kwa nini maharage ya bibi kule Marangu huchelewa kuiva kuliko ya hapa Himo, ingawa kuni ni zile zile. Kadiri tunavyopanda mlima hewa hupungua uzito wake juu ya sufuria, na maji huchemka kabla hayajawa ya moto sana. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100, huku kileleni Kibo, mita 5,895, ni kama nyuzi 80 tu. Yanatokota, lakini hayaivishi upesi. Akiuliza wapanda mlima wanakula nini basi kule juu, mwache akisie kwanza.