Akiba ya Tunguu na Utata wa Neno 'Wanga'



Masika yanapoanza katika nyanda za juu za Kenya, huchomoza ardhini ua jekundu la mviringo, mfano wa mpira, ambalo wanabotania huliita Scadoxus multiflorus. Aghalabu ua hilo hutangulia majani yake. Je, mmea usio na jani hupata wapi chakula cha kuchanua? Jibu limo udongoni. Majani ya msimu uliopita yalitengeneza sukari kwa nuru ya jua, yakaiteremsha kwenye tunguu, ikawekwa akiba. Yakanyauka, tunguu likangoja kiangazi kipite. Mvua iliporudi, vimeng'enya viliivunja akiba hiyo ikawa sukari tena, na ua likachanua. Ndiyo maana anayefyeka majani yangali mabichi hulipunja ua la msimu ujao.

Hapa ndipo istilahi inapotukwaza. Akiba hiyo tunaiitaje? Wengi wetu hutumia neno 'wanga' kwa kabohaidreti zote. Lakini matunguu hayafanani. Tunguu la tulipu huhifadhi wanga hasa. Kitunguu cha sokoni huhifadhi sukari na fruktani, wala hakina wanga wa kutajika. Mwanafunzi wa Nyamache, kaunti ya Kisii, akikidondoshea kitunguu iodini, hataiona ile rangi ya buluu nyeusi. Asadiki jaribio lake au neno letu?

Msimamo wangu ni kuwa 'wanga' libaki jina la kile kinachogeuza rangi ya iodini, na 'kabohaidreti' liwe jina la kundi zima. Wapo watakaodai kwamba hiyo ni kazi ya wanasayansi, na kwamba sayansi katika shule zetu za upili hufundishwa kwa Kiingereza. Hilo la pili nalikubali. La kwanza silikubali. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Msingi upo. Kinachokosekana ni waandishi wa kuzitumia istilahi hizo, kuzipima na kuzirekebisha.

Napendekeza kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja wa kueleza jambo la kisayansi kwa Kiswahili, usomwe kwanza na mhadhiri wa lugha na wa biolojia. Mzazi wa Nyamache anastahili kuelezwa na mwanawe kilichomo ndani ya kitunguu anachokikatakata kila jioni.

Kiswahili kitukuzwe!