Kiti Kinachoyumba

Ulimi wa mguu wa kiti ukilegea tunduni, twawasihi msikimbilie msumari: huupasua mti, na siku moja mzee wenu ataanguka nacho. Wala msijaze gundi. Gundi hushika pale mti unapobanana na mti. Penye nafasi tupu ni dhaifu. Mara nyingi chanzo ni mti mbichi, ambao ukikauka hupungua unene.

Chomoeni mguu, mkwangue gundi yote ya zamani. Gandisheni ubavuni mwa ulimi kibanzi chembamba cha mti uleule, nyuzi zao zikielekea upande mmoja. Kikishika, kipunguzeni kwa patasi, polepole mno, hata ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono. Kisha pakeni gundi, kazeni kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, nanyi msikikalie kabla ya saa 24.