Vihisi vya mwilini: Mwekezaji atazame foleni, si kifaa

Vifaa vidogo vinavyovaliwa mwilini kupima moyo, sukari au joto na kutuma vipimo bila waya vimekuwa bidhaa inayowavutia wenye mitaji, wakubwa kwa wadogo. Wengi huuliza bei, ukubwa wa kifaa na idadi ya vipimo. Kwa maoni yangu, swali la msingi ni jingine: taarifa zinapofurika kwa ghafla, kifaa hicho hupitisha nini kwanza?

Mgonjwa mmoja anaweza kuvaa vihisi kadhaa, vyote vikituma kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kituo kimoja, mara nyingi simu ya mkononi. Mahitaji yao hayalingani. Kihisi cha joto huridhika na namba moja kwa dakika. Kile cha umeme wa moyo, kikipima mara 250 kwa sekunde kwa biti 12 kila kipimo, huzalisha biti 3,000 kila sekunde. Mgonjwa akiwa ametulia, muhtasari tu unatosha. Moyo ukienda mrama, daktari anahitaji kila kitu, na anakihitaji wakati huo huo.

Mfanyabiashara yeyote anaelewa jambo hili. Samaki wabichi hawasubiri nyuma ya mifuko ya saruji. Ndiyo maana kiwango cha IEEE 802.15.6, kilichotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya mitandao ya mwilini, kiliweka ngazi 8 za kipaumbele, kuanzia 0 hadi 7, ile ya juu kabisa ikiwa ni ya dharura. Kiliweka pia vipindi maalumu ambavyo dharura hupewa njia.

Anayedhani hayo ni mambo ya wahandisi peke yao akumbuke Novemba 30, 2019. Siku hiyo huduma ya Follow ya kampuni ya Dexcom ya Marekani, inayomwezesha mzazi kuona kwenye simu yake sukari ya mtoto mwenye kisukari, ilikwama. Kampuni ilieleza kuwa seva zilielemewa na mrundikano mkubwa wa taarifa. Kipimo kimoja kila dakika 5 ni vipimo 288 tu kwa siku kwa mtu mmoja, mzigo mwepesi, lakini watumiaji ni wengi na njia ni moja. Vihisi viliendelea kupima kama kawaida. Kilichokosekana ni mlio wa tahadhari kwa wazazi waliolala wakiutegemea. Foleni hiyo ilikuwa kwenye seva, mbali na mwili wa mgonjwa, lakini kwa mzazi hasara ni ile ile.

Wapo watakaosema suluhisho ni kutuma kila kitu muda wote. Hilo ni ghali. Redio ndiyo mara nyingi hula betri zaidi ya sehemu nyingine za kihisi, na kihisi kilichozimika hakimsaidii mtu. Kupunguza mno nako kuna hatari yake, kwani kifaa kinachoamua chenyewe lipi ni la dharura kinaweza kukosea.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji mambo manne. Kipi husubiri taarifa zikizidi? Mawasiliano yakikatika, je, kifaa huhifadhi vipimo na kumwonya mgonjwa palepale? Yakirudi, onyo jipya hutangulia, au hupanga mstari nyuma ya vipimo vya jana? Na betri inadumu muda gani siku ya mgonjwa mahututi, si siku ya maonyesho ya biashara?

Asiyeweza kujibu anauza saa ya mkononi kwa bei ya kifaa tiba. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, lakini uzuri wa bidhaa hii hauonekani kabatini. Huonekana saa ya dharura, na saa hiyo mnunuzi hana tena nafasi ya kubadilisha mzigo.